Rehema na Ukingo wa Zamani

Kwa kaka yangu Komora,

“Msichana mwenye mjomba hahitaji karatasi.” Ndivyo ulivyoniambia Jumapili, kisha ukakata simu kabla sijakujibu. Basi nakujibu kwa barua, maana hii huwezi kuikata.

Lakini kwanza, hujambo? Miguu ya Mama bado inavimba? Na mwanangu Rehema, anakula huko kwenu, au anachezea chakula kama nilivyomwacha? Mimi huku Leeds sijambo, ila nimechoka. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee: kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwalisha. Baridi imerudi, na magoti yangu yaliijua kabla yangu. Nikifika chumbani nakaa na koti langu mwilini kwa kukosa nguvu ya kulivua.

Sasa hoja yako. Mjomba ni mtu, Komora. Mtu huugua, huzeeka, hufa. Ukitangulia wewe, wanao watamjali Rehema kwa lipi? Unamkumbuka Dama, jirani yetu wa Tarasaa, aliyelea mtoto peke yake kama mimi? Alipofariki, masufuria ya matanga hayajaoshwa, kaka zake walikuwa wanapima kiwanja chake kwa kamba. Yule mtoto alikuwa na wajomba tele. Leo amepanga chumba Garsen, na nyumba ya mama yake anaiona akipita barabarani.

Ukasema pia kwamba anayepanga mambo haya akiwa mzima anajiitia kifo. Mimi naosha watu wanaokaribia kufa kila siku ya Mungu, na sijaona hata mmoja aliyeitwa na wakili.

Hata hukuningoja nieleze vizuri nilichofanya. Ni hati ya amana. Wosia ungengoja nife, kisha uende mahakamani, Rehema akazeekee kwenye benchi. Amana inaanza kazi nikiwa hai: nyumba ya Tarasaa na haki yangu ya shamba la Baba kule kijijini Wema zinashikwa na wadhamini kwa ajili ya mtoto, hadi awe mtu mzima. Baba yake hatujui alipo, nawe unalijua hilo. Wadhamini ni wewe na mwalimu wetu mstaafu wa Ngao. Nilipokutajia hilo ukachukia. “Umeniwekea askari?” Sivyo. Nimekuwekea mtu wa kukusaidia kukataa, siku ndugu watakapokujia wakitaka nyumba ya marehemu iuzwe.

Kuna jambo moja tu ulilonishinda, na nalikubali ingawa linaniuma. Nilikusomea alivyoandika wakili wa Malindi, kwamba shamba la Wema linaishia mtoni. Ukacheka hadi Mama akauliza kuna nini.

“Mto gani, dada?”

“Tana! Kuna mto gani mwingine?”

“Mto ulihama na mafuriko. Sasa unapita nyuma ya migomba ya Mzee Buya. Ile migomba iliyokuwa ng’ambo iko upande wetu. Karatasi yako imemnyang’anya mzee wa watu shamba lake! Wewe na vitabu vyako vyote, umesahau mto huu unatembea?”

Nilisahau. Nilimweleza wakili huku natazama mto wa huku, uliojengewa kuta za mawe pande zote mbili, usiokwenda popote. Kwetu mto ukihama, shamba hubaki la mwenyewe, na Mzee Buya atavuka kwa mtumbwi kwenda kupalilia migomba yake. Hati ikibaki hivyo, siku moja Rehema atashtakiana na wajukuu wa Buya, na atashindwa kwa haki.

Lakini angalia, kaka, umejipinga mwenyewe. Ukingo wa zamani nani anaujua leo? Baba amekufa. Mama haoni vizuri. Umebaki wewe na Mzee Buya. Mpaka wa mwanangu umo ndani ya vichwa viwili, na kimoja kimejaa mvi. Halafu unaniambia hahitaji karatasi! Na mimi siujui vizuri kwa sababu moja: siku Baba alipotuonyesha mpaka, wewe ulitangulia naye mbele, ukipewa jina la kila mti. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba maji.

Nisalimie mkeo, mwambie kitenge chake nimekipata. Wasalimie wanao, na shangazi yetu wa Ngao, na mwalimu, umwambie namshukuru kwa kukubali. Mama nitampigia nikipata siku ya kupumzika.

Sasa sikilizeni ninachotaka, wewe Komora na wewe Mama. Kabla ya mvua, wakati maji bado yako chini, mpelekeni Rehema shambani. Mwiteni Mzee Buya na majirani wote tunaopakana nao, na mumwombe mzee radhi kwa niaba yangu. Ufuateni ukingo wa zamani mwanzo hadi mwisho, na kila pembe mtoto apande mti kwa mkono wake. Mwalimu aandike kila mti, wakili atasahihisha hati. Mama, usimpe Komora chakula mpaka jambo hili liishe.

Na safari hii, kaka, Rehema atangulie mbele. Maji ubebe wewe.

Dada yako,
Salome