Kinachogonga Kwenye Gari la Baba Yako

Mwanangu Ragnhild,

Wengi hukosea kuisikiliza injini ikiwa imeshapata moto. Ya baridi ndiyo husema kweli. Basi jana asubuhi niliwasha gari la marehemu, nikaegemeza mpini wa ufagio kwenye injini na sikio kwenye mpini. Iligonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga tena.

Fundi Oddvar akanicheka. "Mzee, hayo masikio yamechakaa kuliko gari!"

Alipojaribu mwenyewe, akazima injini haraka. Kugonga kukaendelea.

Injini ya ajali iliyomuua baba yako tuliitupa. Hii ni nyingine kabisa. Lakini mlio ni uleule alioniletea baba yako asubuhi ile, nami nikamwambia aende tu.

Jumapili usivuke mlima na mtoto kwa gari hili. Kata tiketi ya basi leo.

Ami yako,
Torleif