Nimeacha Kufanya Poste Yako

Kalonji anawekewa mikono. Mutoto wetu, wewe baba yake, Tata Kalonji, ule mwenye ulikuwa unasema hatajua hata kufunga kamba ya kiatu, sasa anakuwa muchungaji. Mutaa wetu wa Manika muzima banajua, juu nimebaambia mi mwenyewe: ku soko, ku robine ya maji, hata ku biro ya komine kwenye nilienda kutafuta karatasi.

Unisamehe, sikukusalimia. Salamu sana, bwana yangu. Ni mwaka wa tatu tangu ile homa ikubebe, na ni leo tu naandika. Masomo yangu unayajua, yalikomea mwaka wa ine, lakini barua naandika kupita bamama bengi ya hapa.

Nyumba ya kampi ya kampuni tulirudisha, juu mwenye kazi haiko tena. Niko na byumba bibili na kipande ya udongo ya kulima mboga ya lengalenga. Sirene ya kazi inasikika mpaka huku. Miezi ya kwanza, ikilia asubui, nilikuwa naweka maji yako ya kuoga ku moto, kisha nakumbuka.

Sasa nikuambie kitu sijaambia batu. Unakumbuka Siku za Mungu zako, zile jumapili? Poste yako, ile zamu ya kazi, ilikuwa inaangukia palepale, wiki kwa wiki. Mi nafunga kitambaa ya bamama ya kanisa, wewe unavaa boti ya kazi ku miguu. Ulikuwa unacheka: "Unisalimie Mungu, umuambie niko ku poste." Na mi nacheka. Lakini ulipokufa ile neno haikunichekesha tena. Ilinikaa hapa mu kifua. Nilisema, bwana yangu amekufa na Siku za Mungu nyingi zenye hakufika. Nani atazifanya?

Nikakumbuka mulivyokuwa munasaidiana ku kazi. Mwenzako Kasongo akigonjwa, unamaliza poste yako, unashika na yake, ili jina yake isikatwe ku liste. Nikasema basi, na mi nitashika ya bwana yangu.

Nilifagia kanisa mara moja kwa ajili yangu, mara moja kwa ajili yako. Niliimba mu koro, nikafunga kula, nikapikia bageni yote ya kanisa. Hakuna mama mwenye alifanya kama mi, ile nasema bila haya. Mama Kaj, jirani yangu, mama wa kabila ya Balunda toka Musumba, alikuwa ananicheka: "Mama Kalonji, bakisha hata vumbi kidogo, malaika bapate pa kukanyaga." Nikamujibu malaika ya kanisa yetu banapenda usafi. Lakini roho yangu haikupumuzika. Nikimaliza kuomba nagawanya: hii yangu, hii yake. Naona yako haijatosha, naanza tena. Hata kukulilia sikukulilia vizuri, Tata. Nilikuwa na kazi.

Kalonji alifika toka Kasaji, kwenye anasaidia kanisa, akanikuta nimepiga magoti nasugua benchi yenye Mama Kaj alisugua jana yake. Akaniuliza natafuta nini mu ile benchi. Nikamuambia yote. Nilizani atanifundisha kama batu ya masomo. Alikaa chini, palepale ku simenti, na suruali yake ya heshima.

"Mama," akasema, "kwa Mungu mutu hashiki poste ya mwenzake. Ni Mumoja tu alishika ya batu bote, na alishamaliza."

Kisha akaniambia yenye ulimuambia ku lopitali, siku ya mwisho, ukimushika mukono: hauna kitu ya kumuonesha Mungu, unamwendea vile uko. Ulimuambia yeye, mi haukuniambia. Nilikasirika kidogo. Kisha nikalia, ile kilio yenye nilikuwa nimeiweka pembeni. Nikakaa ku benchi ikingali na maji. Nilikaa tu. Sikuomba kitu, sikufanya kitu, na Mungu alikuwa pale na mi. Hakunituma.

Kanisa nafagia bado, siku yangu ikifika, juu napenda pasafi. Lakini nikimaliza naenda kulala. Usizani majivuno imeisha. Kalonji anasema ile pia niiachie Mungu. Nimemuambia tuende polepole, mama ya muchungaji mutu hawi kila siku.

Basi pumuzika, bwana yangu. Sitakuombea tena ruhusa kama mutu mwenye alichelewa kazi. Na nakuahidi kitu yenye hautaamini: ile siku ya kumuwekea Kalonji mikono, bamama bengine ndiyo batapika. Mi nitakaa benchi ya mbele, mikono ku magoti, nisisimame kufunika hata sufuria moja. Dada yangu anatoka Mwene-Ditu na treni, batu ba kanisa ya Kasaji banajaza behewa yao, Kasongo anasema atakuya hata na fimbo. Bote tunabangojea Siku ya Mungu ya kwanza, mwezi wa munane.