Vichwa vya Risasi Ndani ya Kopo la Kahawa

Discovery Gardens,
Dubai.
16 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Severin,

Shikamoo, Mjomba. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimekuachia, maana Mama aliniambia baridi ya mwezi wa sita ilikukamata vibaya. Mama Irene naye anaendeleaje na goti lake? Na Bibi, bado anakataa ugali ambao hakuusonga mwenyewe? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku mwezi huu ukitoka nje mchana ni kama umefunguliwa tanuri usoni, lakini kazi inakwenda, namshukuru Mungu.

Salamu nimezitoa kwa moyo, kwa sababu ulinilea na nakuheshimu. Sasa kaa chini unisome taratibu. Nina hasira na wewe, Mjomba, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu yeyote tangu nizaliwe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unasikiliza nusu halafu unakata. Anayekuletea ni mtu wa Songea anayekwenda likizo. Bahasha nitampa ikiwa wazi. Amenitaka niikung'ute mbele yake aone hakuna kitu zaidi ya karatasi, nami nimekubali. Simlaumu. Katika jengo hili hakuna Mtanzania anayekubali tena kunibebea hata sindano.

Mwezi wa tano ulinitumia ile sauti ndefu ukiniomba nikununulie vichwa vya risasi vya bunduki yako ya 375. Nakumbuka ulivyoeleza. Mwaka jana ulimpiga nyati kwa risasi ya kichwa laini na chepesi, kikapasuka kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika kwenye mapafu, mnyama akakimbia na jeraha, mkamtafuta mpaka mkakata tamaa. Najua lilikuuma. Wewe si mtu wa kumwacha mnyama ateseke porini. Ukasema msimu huu unataka kichwa kizito cha shaba tupu, kinachozama bila kuvunjika, na kwa kuwa risasi kamili za aina hiyo hazipatikani huko, utajaza mwenyewe maganda yako ya zamani, fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya, kichwa kipya.

Nilikujibu siku ileile. Nikasema Mjomba, hapana. Huku vitu vya bunduki havibebwi kama vitenge, vina vibali na vina wenyewe, na mimi ni mtandika vitanda wa hoteli. Ukanijibu, "Sawa mwanangu, yaishe." Nikaamini yameisha.

Sasa nikueleze habari za Mwanamkasi, maana humjui, na ni lazima umjue. Ni msichana wa Pangani. Tunafanya kazi hoteli moja pale Al Rigga na tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Nilipougua mwaka jana ndiye aliyenifulia nguo na kunibembeleza nile. Mwezi wa saba mama yake alipata kiharusi. Kaka yake akapiga simu akasema, "Njoo, anakuulizia." Mwanamkasi akalia mbele ya meneja mpaka akapewa ruhusa, akapata tiketi, akafunga begi.

Nami kwa ujinga wa furaha nikamwomba anibebee vitenge viwili vya Mama na dawa ya kuchua ya goti la Mama Irene. Angeviacha Dar kwa dada yangu. Akakubali hata kabla sijamaliza kuomba.

Jioni ile akaja Japhet, mtoto wa jirani yako, yule anayeuza kwenye duka la mahema na vifaa vya kambi kule Al Mankhool. Kashika kopo la kahawa la bati, jipya, limefungwa. Akasema ni zawadi yako. Akalitia mwenyewe kwenye begi la Mwanamkasi katikati ya vitenge, mimi nikiwa jikoni nachemsha chai. Tukanywa chai. Mwanamkasi akamwambia, "Asante kaka, mjomba wake Emiliana atafurahi." Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, Mjomba. Aliwaza furaha yako huku mama yake amelala hoi.

Kesho yake nilikuwa ghorofa ya nne nabadilisha mashuka, msimamizi akaja amekunja uso. Polisi wa uwanja wa ndege wananitafuta. Mwanamkasi ametolewa kwenye foleni ya kupanda ndege. Mashine imeona kitu ndani ya begi.

Walifanya kazi yao, siwezi kusema vinginevyo. Hawakunipigia kelele. Walinikalisha kwenye kiti, ofisa mmoja akamimina vile vichwa juu ya karatasi nyeupe, vyekundu vinang'aa, na unga wa kahawa umeshikamana navyo. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Hivi ni vitu gani?"

Nilivijua palepale. Nitaachaje kuvijua? Miaka miwili nasikiliza sauti zako kwenye treni nikienda kazini. Mara kichwa butu, mara chenye ncha, mara uzito, mara mistari ya ndani ya mtutu inavyokizungusha kichwa kisiyumbe. Nikasema, "Ni vichwa vya risasi."

Akanitazama. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Natandika vitanda, sir."

"Mtandika vitanda amejuaje?"

Nikamwambia mjomba wangu ndiye aliyenisimulia. Ukweli wenyewe ulinifanya nionekane mwizi. Nilipotaja jina lako akauliza kama una kibali cha kuvileta, na kama nilijua vimo. Niliapa sikujua. Nikamtaja Japhet. Wakampigia, simu imezimwa. Na muda wote huo kwenye chumba cha pili nilikuwa namsikia Mwanamkasi akimwambia mtu mmoja kwa Kiswahili, kwa vile Kiingereza kilikuwa kimemtoroka, "Mama yangu anakufa. Mama yangu anakufa."

Waliponiachia jioni nilikwenda moja kwa moja Al Mankhool. Japhet nilimkuta anapanga viti vya kambi. Sikumsalimia. Nikamwambia Mwanamkasi amekamatwa. Alikaa chini kwenye kimoja cha vile viti.

"Lakini Emiliana, si ulikuwa unajua?"

"Najua nini?"

"Mjomba wako alisema umekubali. Alisema hutaki tu kuonekana unauliza dukani, kwa hiyo mimi nivitafute, na nisikutajie mbele ya watu."

Soma tena hapo, Mjomba. Nilikwambia hapana, nawe ukaigeuza hapana yangu ikawa ndiyo, ukampelekea mtoto wa watu. Japhet alivipata kwa mteja mmoja anayelenga shabaha, akavifukia kwenye kahawa akidhani ananisitiri mimi. Nilimtukana matusi ambayo hata sikujua ninayo. Nilipoishiwa pumzi akafunga duka, akasema, "Twende." Akaenda mwenyewe kwa miguu yake, akasema ni yeye. Huyo ni mwanamume. Amekamilisha upande wake. Mpaka leo pasipoti yake imeshikwa, kesi yake haijaisha, na kafeel wake, mdhamini wa kibali chake cha kazi, ameshamwambia khalas, kazi imekwisha. Baba yake yuko hatua chache kutoka mlangoni pako. Je, umekwenda kumwambia? Mama ananiambia hujaenda.

Hata baada ya Japhet kujieleza, Mwanamkasi hakutoka siku hiyo. Kulikuwa na karatasi, na wataalamu wa kuvikagua vile vitu, na mwisho wa juma ukaingia katikati. Simu yake walikuwa nayo. Kwa hiyo kaka yake alipotaka kutoa habari alinipigia mimi. Mama yao alifariki Jumapili alasiri, wakamzika Jumatatu asubuhi.

Jumanne wakamwachia. Nilikuwa namngoja nje. Alitoka na begi lake, nguo zimechomoza kwenye zipu, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Simu yangu haina chaji. Nipe yako nimpigie Mama."

Nikamshika mkono. Nikasema, "Usipige kwanza."

Akaelewa. Aliuliza lini, nikamwambia. Akauliza kama wameshazika, nikamwambia wameshazika. Tukasimama pale watu wakitupita na matoroli yao. Halafu akauliza, "Aliniulizia?"

Ningeweza kudanganya, Mjomba, wewe ungedanganya. Nilimwambia kweli. Kaka yake alisema aliuliza mpaka mwisho, "Ndege ya Mwana haijafika?" Wakawa wanamwambia iko njiani.

Usiku wake ndipo ulipoingia ujumbe wako. Mama alikuwa ameshakueleza yote. Nilidhani unanipa pole ya kumpelekea mwenzangu. Nikafungua nisikilize mbele yake. Sauti yako ikasema, "Poleni na matatizo. Sasa vile vichwa wamevirudisha au ndiyo vimepotea?"

Mwanamkasi alikuwa amekaa kitandani pembeni yangu. Alisikia kila neno. Akageukia ukutani.

Sijui nikuulize nini. Wewe ni mtu unayeweza kukesha ukifikiria kichwa cha risasi kizito kiasi gani kitavuka mfupa wa nyati bila kupinda. Unaupima upepo kwa jivu. Lakini mtu mzima mwenye mama anayekata roho hukumpima hata kidogo, ukampa mzigo wako abebe bila kumwambia.

Na nikwambie jingine, maana leo sina cha kuogopa. Hivyo vichwa visingekusaidia. Wewe mwenyewe uliniambia fundi wa Songea aliuchungulia mtutu wako akasema mistari imelika na kutu imekula karibu na mdomo. Uliniambia pia maganda yako yameanza kupasuka shingoni kwa kujazwa mara nyingi. Kichwa kizuri namna gani kitanyooka ndani ya mtutu uliochoka? Na siku ganda likipasuka shavu lako liko pale pale juu ya kitako cha bunduki, nani atamwongoza Mama Irene kwenda kanisani, wewe kipofu? Ulichohitaji ni mtutu mpya na risasi kamili za dukani, kwa kibali chako halali, na kama hazipo, kukaa nyumbani msimu huu. Nyati hawatakwisha mwaka huu. Ila wewe hutaki kungoja, hujawahi kutaka kungoja.

Sasa lililobaki ndilo kubwa kuliko yote. Pangani watu wanasema Mwanamkasi alikamatwa na unga. Nani kaanzisha sijui, lakini msichana akizuiwa uwanja wa ndege wa Dubai watu hawafikirii kitu kingine. Msibani walinong'ona mbele ya kaka zake. Kaka mkubwa amempigia akamwambia asiende kwanza mpaka maneno yapoe. Umesikia? Hakumzika mama yake, na sasa hawezi hata kwenda kuliona kaburi kwa sababu ya kopo lako.

Mimi nimewapigia, nimeeleza. Wananiitikia "inshallah dada," lakini nasikia kwenye sauti zao kwamba namtetea rafiki yangu tu. Neno langu halitoshi. Linalotosha ni la mwenye mzigo.

Utakwenda Pangani. Najua kutoka Namtumbo ni safari ndefu, ni basi mpaka Songea, na Dar, na Tanga, na bado hujafika. Utakwenda. Uchukue leseni yako ya bunduki waone jina lako na picha yako. Usimtume mtu, wala usitume sauti ya simu. Ukifika usianze na nyati, wala ubora wa shaba. Kaa chini kwenye mkeka wao useme, "Mimi naitwa Severin. Binti yenu hakubeba unga. Alibebeshwa vichwa vya risasi vyangu, hakujua, na ni mimi niliyedanganya ili avibebe." Ukimaliza kusema, nyamaza, waseme wao. Wakikufukuza, toka. Wakikutukana, kubali.

Mwanamkasi ana tiketi ya tarehe mbili mwezi wa tisa. Amekata shauri kwenda hata kama hakuna wa kumpokea. Nataka uwe umeshafika na umeshasema kabla miguu yake haijakanyaga pale. Kabla ya kuondoka, pita kwa baba yake Japhet. Ni jirani, hakuna nauli.

Usinipigie mpaka uwe umetoka Pangani. Nitajua, kaka yake ataniambia.

Nisalimie Mama Irene, mwambie dawa ya goti ilirudishwa na nitatafuta njia nyingine. Nisalimie Bibi, mbusu mikono kwa ajili yangu, na usimweleze haya, moyo wake hautaki. Nisalimie Irene na masomo yake. Mama nitampigia mwenyewe. Bikira Maria akufunike njiani, akupe ulimi wa kusema kweli.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata leo ambapo ingekuwa rahisi kuacha,

Emiliana.

Mjomba, Mwanamkasi ameingia sasa hivi kutoka zamu ya usiku, akaona naandika. Akauliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amevua viatu, akapanda kitandani kwake, akajifunika shuka mpaka nikadhani amelala. Kisha amesema nikuandikie kwamba anakusalimu, shikamoo. Mimi nisingeiandika hii. Nimeiandika kwa sababu ameniomba.