Kaka, Usiitie Sahihi Karatasi ya Lori

Dunda, Bagamoyo
Ijumaa, 11 Juni 1954

Mpendwa Kaka Kibwana,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ashatu na watoto wote hapo Mombasa. Mguu wako je, ule ulioangukiwa na gunia bandarini? Mama kaniamuru niulize mguu kabla ya neno lingine lolote, na amesimama hapa mlangoni kuhakikisha.

Sisi huku hatujambo, kwa uwezo wake Mola. Mama kifua kilimsumbua wakati wa mvua, lakini sasa anakwenda kisimani mwenyewe na anatugombeza kama kawaida yake. Mke wangu Fatu hajambo. Idi tumeisali salama. Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa, barabara ya Kerege ilikatika mara mbili, ila sasa inapitika.

Kaka, salamu zimekwisha. Ile karatasi ya kuuza lori aliyokupelekea shemeji Abdala, usiitie sahihi. Kama umekwisha kuitia, usiipeleke posta. Kama umeipeleka, nenda ukaidai leo hii hata kwa mguu huo mbovu. Nimelitanguliza hili ili mtu akikuita katikati ya kusoma, uwe umekwisha kulipata lililo kubwa.

Sasa nieleze, nawe usinikasirikie mpaka nifike mwisho. Ukifika mwisho, kasirika utakavyo.

Januari nilikuandikia kwamba lori limeanza kugonga nikitoka nalo Mkange na nazi. Nililipeleka Dar es Salaam kwa Abdala, kwenye gereji yake pale mtaa wa Gerezani. Ningelipeleka kwa nani mwingine? Mtu amemwoa Zuleha, binti wa baba mdogo, kwake ni kwetu. Nikifika tu natolewa kiti, Zuleha analeta kahawa na kaimati, naulizwa hali ya Mama, hali ya minazi, hali ya kila aliye hai Bagamoyo na baadhi ya waliokufa. Mpaka nikumbuke kuuliza lori lina nini, jua limepinduka na bei imekwisha kuandikwa. Na kumwambia shemeji yako, aliyekukarimu hivyo, "Hebu nionyeshe hicho kilichoharibika," ni kumvua nguo mbele ya mafundi wake. Hata wewe usingemwambia. Usijifanye.

Pale gereji yupo fundi mmoja, Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora. Basi ni mtani wetu, na unawajua watani, hawana siku ya mapumziko. Siku ile ya Januari, nikiwa natoa fedha mfukoni, akasema kwa sauti, Abdala yupo, wateja wapo, kwamba lori la Mzaramo huyu lilitaka kukazwa nati moja tu, na hivyo vingine vyote alivyoandikiwa wamevila wao. Watu wakaangua kicheko. Abdala naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nikamjibu kwamba Mnyamwezi atajulia wapi nati, yeye ni mtu wa kubeba pembe za ndovu kichwani, na babu yake angekuwa na akili asingetembea miezi mitatu kuja kuitolea macho bahari yetu. Nikalipa, tukaagana kwa furaha.

Machi wakasema springi zimekatika. Nikalipa springi mpya. Rajabu akasema ni zile zile zangu, amezipaka rangi nyeusi. Nikacheka tena, kaka. Nilifika Kerege bado nacheka peke yangu kwenye usukani, abiria wakadhani nimerukwa na akili. Aprili ikawa giaboksi, na Rajabu akasema hawakuigusa, walilala chini ya lori kufuata kivuli. Nikacheka mara ya tatu.

Hesabu za matengenezo hayo unazo, sizirudii. Jua tu kwamba mbata zote nilizombebea Harish mwenye duka, tangu mwaka mpya mpaka Ramadhani, ziliishia Gerezani. Ndiyo maana hukupata kitu.

Katikati ya Ramadhani lori likanizimikia njiani, likakataa kabisa kuwaka. Abdala akaja kulivuta kwa gari lake. Siku ya pili akaniambia injini imekufa, na kwamba kununua nyingine ni kutupa fedha baharini. Kisha, kwa upole mwingi, akasema atatusaidia kama ndugu, atalichukua lori lilivyo, kwa bei ya chuma chakavu, ili tupate angalau kitu. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Jumanne hii nilikwenda Dar kuchukua turubai na kamba zangu. Abdala hakuwapo, alikuwa amekwenda Vigwaza kuvuta gari lililoanguka. Nikamkuta Rajabu peke yake. Nikaanza na tusi langu la kawaida, hakujibu. Nikaongeza la pili, zuri kuliko la kwanza, hakujibu. Mtani asipokujibu, kaka, ujue kuna jambo. Aliweka spana chini, akafuta mikono, akatazama barabarani.

"Leo sitanii," akasema. "Panda kwenye lori."

Nikapanda. Akafungua bomba linalopeleka petroli, akalipuliza kwa mdomo, ukatoka uchafu kama tope la kisima. Akatema petroli, akafunga tena, akaenda mbele na hendeli. Alizungusha mara mbili tu. Likawaka. Likanguruma vile vile kama siku tuliyolinunua kwenye shamba la mkonge, wewe umevaa kanzu mpya na hutaki kukaa ndani kwa sababu unataka watu wakuone juu.

Sikuweza kushuka. Rajabu akaniambia kwamba Abdala amekwisha kupata mnunuzi, mtu wa mkonge wa upande wa Morogoro, na bei yao ni mara tatu ya hiyo uliyoandikiwa wewe. Kinachongojwa ni sahihi yako tu, kwa kuwa kadi ya lori ina jina lako.

Nilimkasirikia yeye, kaka. Unaniona akili yangu ilivyo. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini muda wote huo hakuniambia.

"Nimekwambia mara tatu," akasema. "Kwa sauti, mbele ya bwana wangu. Wewe ulicheka."

Alisema ana watoto wanne na hana kazi nyingine, na mdomo pekee wa kuniambia ukweli bila kufukuzwa ulikuwa ule wa utani. Alidhani Mzaramo atacheka leo, kesho akiwa peke yake barabarani atafikiri. Kumbe Mzaramo alicheka mpaka Kerege.

Nilitaka kuondoka na lori palepale. Akanishika mkono. Kadi imefungiwa kwenye sanduku la Abdala, na yeye Rajabu ndiye aliyeachiwa ufunguo wa lango, nikitoka nalo atakayelala ndani ni yeye. Basi nikalizima mwenyewe. Nikaondoka kwa miguu na turubai langu begani, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia. Nakaa, nasimama. Fatu anasema nimechimba njia uani kwa kuzunguka. Lori lolote likipita kuelekea boma, natoka kuangalia.

Nimekwenda kwa Baba Mkubwa Mwinyimvua, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno la mtani halipelekwi barazani. Nikisimama mbele ya wazee niseme mume wa Zuleha ni mwizi, wataniuliza nani kasema, nami nitajibu, Mnyamwezi aliyekuwa akinitukana tangu Januari. Watacheka, kama nilivyocheka mimi. Na Zuleha atarudi kwao na watoto kwa neno lisilo na mashahidi. Baba Mkubwa amesema kweli, na mimi nimemnunia tangu juzi kwa sababu amesema kweli. Zuleha sijui kama anajua lolote. Kahawa yake ilikuwa nzuri siku zote.

Kwa hiyo hapa hakuna ninaloweza kulifanya. Lori lile ni miaka sita ya magunia mgongoni kwako, na ndilo linalotulisha sote nyumba hii. Sahihi yako ikifika Gerezani, mlango umefungwa. Isipofika, kadi ni yako, nawe unaweza kumwandikia Abdala maneno mawili ya heshima kwamba umebadili nia na kwamba lori alirudishe nyumbani lilivyo, limekufa hivyo hivyo. Atashindwa kukataa. Usimtaje Rajabu, nakuomba kwa jina la Mungu, na wala usimwambie kwamba linawaka.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja naitia posta leo, nyingine nimempa Chandrakant, mtoto wa Harish, anayesafiri Jumatatu kwa meli kuja huko. Huyo akifika mpe chai, ni kijana mwema na hajui kilichomo.

Kaka, liko neno nimelizunguka tangu mwanzo wa barua kama ninavyozunguka uani. Abdala hakukudanganya wewe. Karatasi yake isome tena, ina bei tu na mahali pa sahihi. Hakuna popote alipokuambia kwamba injini imekufa. Aliyekuambia springi zimekatika ni mimi. Aliyekuambia giaboksi imekwisha ni mimi. Aliyekuandikia kurasa mbili, akiwa amefunga saumu, kwamba lori halifai tena na bora tuliuze kwa shemeji, ni mimi, kwa mkono huu huu. Sikuona kitu hata kimoja kati ya hivyo kwa macho yangu. Wewe ulikubali kuuza kwa sababu ulimwamini mdogo wako. Sasa mdogo wako yule yule, hana risiti wala shahidi, anakuomba usimwamini kwa barua tatu na umwamini kwa hii moja. Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini.

Baba Mkubwa Mwinyimvua anakusalimu, na Fatu, na Mzee Mwinyijuma wa jirani ambaye bado anadai ulimwahidi kofia. Wape salamu shemeji Ashatu na watoto. Mama anakusalimu sana, na anauliza lori litarudi lini. Nimemwambia tunangoja barua yako.

Mola akupe afya ya mguu, akulindie kazi yako, na akuongoze mkono kila unaposhika kalamu.

Ndimi mdogo wako akupendaye, na leo anayekuogopa,
Muhidini