Shangazi Uliyemzika kwa Mdomo

Mama Upendo, rafiki yangu,

Leo sikusalimii. Nimekasirika, na unajua mimi nikikasirika hata kuku wa jirani wanahama.

Nywele zangu zimetoka. Zile zile ulizokuwa ukizisuka kila Jumamosi kwenye ngazi ya jikoni kwangu hapa Sokon One, ukilalamika, "Mama Happy, nywele zako zinakula vidole vyangu." Nywele ambazo kwaya nzima ya akina mama ilizionea wivu, usibishe. Ni ugonjwa ule ule uliokuua, wa titi. Wananitundikia dripu, na baada ya ile ya pili nywele zikaanza kuachia kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

Hukuniambia. Hilo ndilo linalonichoma. Hukuniambia kwamba ngozi ya kichwa inauma kabla nywele hazijaondoka, mpaka mto unakuwa kama msasa. Hukuniambia kwamba nyusi nazo zinakwenda, ukinawa uso sabuni inateremka moja kwa moja machoni. Uliyajua yote. Ukakaa nayo chini ya kilemba, ukanitazama usoni, ukasema, "Nimenyoa. Shangazi yangu wa Nkoaranga amefariki."

Nami mjinga nikaamini! Kwetu mtu akifiwa ananyoa, nani angeuliza? Nikakubebea mkungu wa ndizi na mchele. Nikakaa kwenye mkeka wako nikalia, na kulia najua, wageni wakadhani aliyefiwa ni mimi. Wewe ukanipa leso. Ulinifuta machozi ya mtu aliye hai, Mama Upendo! Ulipoanza kukonda ukasema ni vidonda vya tumbo. Nikaamini tena, nikakuletea asali.

Mpaka tukakuzika kwenu Nkoaranga. Wasifu wako unasomwa pale migombani, nasikia "saratani ya titi", na kabla sijakaa sawa, nani anashuka kile kinjia na fimbo yake? Shangazi yako, mzima. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, akaomba kiti. Shangazi uliyemzika kwa mdomo amekuja kukuzika kwa mikono! Nikaelewa kila kitu wakati udongo bado unatupwa. Hata kulia sikuweza. Kilio changu ulikuwa umeshakitumia.

Ungeniambia ningekunyoa mwenyewe. Ningekuchekesha. Nani alikuwa anakushika ukitoka hospitali, unatapika barabarani? Peke yako? Na mimi niko nyumba ya tatu, napepeta mchele, naimba...

Haya. Sikia kilichotokea wiki iliyopita. Nilimwambia Happy aninyoe uani, pale bombani. Binti yangu huyo, na chuo kamaliza, na mchumba kapata, sendoff yake, ya kumuaga aende kwa mume, ni Jumamosi hii. Akaninyoa mpaka mwisho bila kusita, kanirithi mimi. Kumbe jirani ametuona. Jioni nasikia wimbo wa msiba getini. Jumuiya nzima ya kanisani, na kanga viunoni, na chupa za chai. "Pole, Mama Happy. Nani ametutoka?"

Naapa, uongo ulinijia mdomoni. Nina baba mdogo pale Themi, mzee wa watu, jina lake lilishafika kwenye ulimi. Nikaona jinsi ilivyokuwa rahisi kwako. Wangelia, wangeondoka, mimi ningebaki na kilemba changu na siri yangu. Halafu nikaiona ile fimbo inashuka kinjia.

Nikasema, "Hajafa mtu. Nina saratani ya titi, dawa ndiyo imeninyoa. Chai ingizeni ndani, na huo wimbo badilisheni."

Mama Neema, yule wa sauti ya pili asiyeweza kufunga mdomo, akanizunguka akaniangalia. "Kumbe siku zote ulikuwa unaficha kichogo!"

"Kichogo cha warembo," nikamjibu. "Wewe chako kimelala kama chapati." Tukacheka mpaka tukalia, na safari hii tulijua tunamlilia nani.

Kesho yake wifi yangu akaja na wigi. "Mama wa bibi harusi hawezi kuingia ukumbini na upara. Wakwe watasema umeleta matanga kwenye sherehe." Nikamwambia alivae yeye. Amenuna mpaka leo. Nilimwogopa Happy tu, maana sherehe ni yake. Akaingia chumbani, akarudi na hereni kubwa kama vikombe. "Mama, hizi zilikuwa zinakosa nafasi."

Basi Jumamosi nitaingia nikicheza, kichwa kimepakwa mafuta kinang'aa, na wakwe wakiniuliza nani amekufa nitachukua kipaza sauti niwaambie. Nitalitaja titi. Nitakutaja na wewe, kwa jina na kwa ugonjwa wako. Nimemwomba mwanao Upendo ruhusa, amenipa huku analia. Hutajificha tena, rafiki yangu. Nimekukatalia.

Nywele zangu zikiota, hakuna atakayezisuka kabla sijapanda Nkoaranga nikaketi hapo kaburini uzione. Na siku nikija moja kwa moja, andaa majibu. Ila sina haraka.

Lala, Mama Upendo. Shangazi hajambo. Anakula vizuri.

Mimi wako, mwenye kichogo,
Mama Happy