Kadi ya Kumi ya Redio

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Mimi mwalimu wa nidhamu, miaka kumi na minne ya kukemea, leo nimekabidhiwa rundo la kadi za kijani. Amri ya mkuu: shule nzima tuwavizie wanafunzi wakitenda mema, tuwape kadi papo hapo. Kukemea marufuku. Mwanafunzi akifikisha kumi, mzazi wake anaalikwa paredi ya Ijumaa apigiwe makofi. Haya. Nimezunguka kutwa na kadi mfukoni. Kosa nalijua kwa harufu. Wema je?

Jumatano, 12 Machi
Redio amezima! Yule binti wa kidato cha pili tuliyembandika jina hilo, kwa kuwa mdomo haukuwahi kufungwa, tangu juzi kimya kabisa. Nimempa kadi tatu. Wenzangu nao wamempa. Mwalimu wa hesabu anasema mpango umejibu. Nimetembea kifua mbele.

Mke wangu hakucheka. Ati mtoto msemaji akinyamaza ghafla, mtu huinuka kwenda kumtazama. Nikamwambia asinitilie kitumbua changu mchanga.

Jumatatu, 17 Machi
Redio ana kadi tisa. Leo kafuta ubao bila kutumwa, nikachomoa ya kumi. Akarudi nyuma! Ati: Mwalimu, naomba usinipe. Nikajua anaona haya, nikaiandika mwenyewe daftarini. Mkuu ameshasaini barua ya mwaliko.

Jumatano, 19 Machi
Redio kamwaga maji juu ya meza yangu. Kusudi kabisa, huku ananitazama. Kisha akauliza: sasa utazifuta? Kadi hazifutwi, ndiyo kanuni. Akatoka analia. Mtoto gani huyu anaomba adhabu? Sielewi. Kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 21 Machi
Ofisini, paredi bado dakika kumi. Redio amekaa mbele yangu. Nimemuuliza tu kama mama yuko njiani.

Akapasuka, akasema yote: mama aliondoka Jumapili, tarehe tisa. Aliaga anaenda sokoni — basi, hajarudi. Binti analala peke yake na mdogo wake wa miaka minne. Asubuhi anamwacha kwa jirani, anadanganya kwamba mama kawahi kazini. Anaogopa watu wakijua, yeye na mdogo wake watatenganishwa, huyu huku na yule kule.

Nikamwuliza, mbona hukusema, mwanangu? Ati alinyamaza ili asije akasema. Angefungua mdomo kwa lolote, na hilo lingetoka.

Mungu wangu! Kadi kumi, saba za mkono wangu, na nyingi kwa ukimya huo!

Ananisihi nisimwambie mtu. Kanuni inataka nimwambie mkuu leo hii. Nikisema, nimewatenganisha. Nisiposema, mtoto wa miaka minne analelewa na mtoto. Wema ni upi hapo? Nani anijuze?

Mkuu anagonga mlango. Kiti cha mzazi kimeshawekwa, anauliza mama amefika? Redio amenikazia macho. Mkuu anauliza tena. Nami nimeinamia daftari, naandika, naandika tu, ili nisijibu —