Salamu za Baba wa Wawili

Nyumbani kwa Mzee Mhina,
Mnyuzi, Korogwe.

Kaka yangu Muhsin,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Kahama, wewe na unaoishi nao, kama wapo, maana hata hilo hatulijui. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Sabiri yuko Handeni na watoto, nami nimekuja kukaa na baba kidogo. Mvua za vuli zimetupiga chenga, mahindi mengi yametoa magunzi matupu, lakini njaa bado haijabisha hodi. Baba miguu inamvimba ikifika jioni. Akili yake ni nzima kabisa, na nakuomba ulishike hilo unaposoma yanayofuata.

Barua hii nampa Castory, dereva wa lori la mahindi, yule aliyekukuta dukani kwako. Namba yako ya zamani haipatikani. Aliniambia ulimpokea vizuri, ukamnunulia chakula, kisha ukamsihi asiseme amekuona. Msamehe tu, Castory hajawahi kufunga mdomo tangu tukiwa shule. Alisema pia kuwa ilikuwa Jumapili, na kwenye simu yako ulikuwa umefungulia kipindi cha salamu cha redioni anachoshiriki baba. Jina la baba liliposomwa ukatoka nje. Nililia, kaka. Miaka yote tulijifariji kwamba labda husikii.

Huenda hujui jinsi mzee alivyozama kwenye hizo salamu. Wewe uliondoka siku ya khitma ya mama bila kuaga, na sisi wanawake wa ndani hatukujua kilichokutoa mbio barazani. Baada ya hapo baba akajiunga na chama cha watuma salamu wa Korogwe na Handeni. Kila mmoja ana jina lake la redioni, na yeye anajiita Baba wa Wawili. Kila Jumapili anawasalimu watu wale wale, na wa mwisho huwa ni Muhsin, popote alipo.

Mara moja kwa mwaka watu hao hukutana ana kwa ana. Safari hii mkutano ulikuwa Kilole, nami nikamsindikiza baba kwa ajili ya miguu yake. Nilidhani naenda kuwaona wazee waliokosa kazi. Nikakuta sheria kali kuliko za mahakamani. Mwenyekiti wao, Bi Asnath, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kukemea wodi nzima, alitusomea mlangoni kabla hajaturuhusu kuingia. Ukishavaa fulana ya chama, jina la nyumbani unaliacha nje. Nilipomwita baba "baba" nikakaripiwa kama mtoto. Huruhusiwi kukaa na uliyekuja naye, kwa kuwa huyo unamwona kila siku. Unakaa na mtu unayemfahamu kwa jina la redioni tu. Mtangazaji hazongwi, hapigwi picha akiwa anakula, wala haombwi namba ya simu. Wageni kutoka Handeni hupakuliwa kwanza, na wenyeji wa Korogwe wale kitakachobaki hata kama ni ukoko. Na salamu ya mtu haikatizwi wala haisahihishwi. Mwenye neno amsubiri katibu baada ya dua.

Mimi niliwekwa upande wa pili wa ukumbi, pembeni ya Jogoo wa Kerenge, ambaye kumbe ni mama mnene, mpole, anayeongea kwa kunong'ona. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baba naye nilimwona kwa mbali akicheka na wenzake, fulana imembana tumbo, na nikafurahi kuwa nimemleta.

Baada ya chakula ikaja shughuli wanayoiita kukagua majina, na hasa ndiyo inayowakutanisha. Kila mmoja anasimama na kuwataja anaowasalimu redioni. Katibu, Mzee Kasmiri, anauliza kama kila aliyetajwa aliitika mwaka huo, iwe kwa redio, kwa simu, au hata kwa kumtuma mtu. Asiyeitika mwaka mzima anafutwa, na hasalimiwi tena. Jogoo alinieleza kuwa kwao salamu ni kama hodi. Ukipiga ya tatu kimya, mstaarabu huondoka, hasukumi mlango. Wanaosamehewa kuitika ni wagonjwa mahututi na marehemu. Marehemu wana sehemu yao mwishoni mwa kipindi, wanasomwa polepole na wasikilizaji wanaitikia amina. Kisha akaninong'oneza kwamba mikutano iliyopita Baba wa Wawili alimwombea sana mwanawe asifutwe, na Kasmiri alishamwambia kuwa safari hii haiwezekani tena.

Basi zamu ya baba ikafika. Akawataja watu wake mmoja mmoja, wote waliitika. Jina lako akaliruka. Nilipandwa na hasira, nikajua amekuacha ufutwe bila hata kukutetea. Kumbe nilikuwa na haraka. Kasmiri alipowaita wenye marehemu, baba akainuka tena kwa kujishikiza kwenye kiti, akavua kofia, akamtaja mama. Kisha akasema Muhsin Mhina, mwanangu wa kwanza.

Ukumbi mzima ukasema innalillahi. Nilisimama ili nipige kelele, lakini Jogoo akanikumbatia akidhani nimezidiwa na msiba. Ningesema nini? Nimwumbue baba yangu mbele ya watu wote wale? Bi Asnath mwenyewe alikuja kunipa pole, na mimi nikaipokea. Walikusomea Fatiha, kaka, nawe uko Kahama unauza vipuri vya pikipiki.

Tulipofika nyumbani nilimgombeza baba kama sijawahi. Nilimwambia amekuchuria, na kwamba hata adui hamfanyii mtoto hivyo. Aliniacha nikamaliza. Ndipo akasema kwamba hakukuua. Angesema kweli, ungefutwa, na asingeruhusiwa kukuita tena maisha yake yote. Maiti hadaiwi kuitika. Ukiwa kwa marehemu anaweza kukusalimu kila Jumapili hadi siku yake ifike.

Nikamuuliza, je, Muhsin akiitika siku moja? Akasema anajua. Watamfukuza chamani kwa uongo huo, na hana watu wengine wa kukaa nao.

Halafu akaniambia ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile ya khitma ulifika na vumbi la safari, mama yuko kaburini tayari. Ukapiga goti mbele ya wanaume wote barazani, ukashika mkono wake, ukasema shikamoo. Akauvuta mkono akatazama pembeni. Ukarudia. Ukarudia tena. Alikusikia, kaka, kila mara alikusikia, ila hasira ya kuchelewa kwako ilimkaba. Alipotaka kufungua kinywa ulishafika barabarani. Mimi miaka yote nilikulaumu wewe. Nisamehe.

Jumapili ijayo usishtuke ukisikia jina lako linasomwa baada ya la mama. Ukiwa na la kujibu, jibu redioni, watu wasikie. Nilimuuliza baba kuhusu aibu, akasema aitwe mwongo na Korogwe na Handeni yote, mradi akusikie. Na kama redioni ni vigumu, panda basi uje. Mlango hatutaufunga.

Sabiri na watoto wanakusalimu sana. Castory anaomba usimkasirikie. Nilimuuliza baba niandike salamu gani kutoka kwake, akawa anasugua magoti yake tu. Akasema salamu zimetosha, hana haki ya kukusalimu wakati ya kwako hajaiitikia. Akaniambia niandike hivi tu, na nisiongeze:

Marahaba, mwanangu.

Ni mimi mdogo wako,
Shamsia